Unataka Kurudi Ocha Ufuge Kuku? Soma Hii Hesabu ya Jua Kwanza

Kama wewe ni msee wa Kisii au Nyamira, hii stori umeiskia: kazi ikikataa Nairobi, rudi ocha, omba mzazi kaploti, weka kuku 200, utaomoka. Wengine huomoka kweli. Wengine huuza kuku wote kabla hata yai la kwanza kutagwa, juu chakula kimemaliza doo.

Ukiuliza shida ilikuwa nini, utaambiwa ni bei ya chakula, ni mabroka, ni serikali. Sawa. Lakini chini ya hizo zote kuna hesabu moja isiyojali nani yuko Ikulu. Ni hesabu ya vile nguvu ya jua hutoka kwa jani hadi ifike kwa sahani yako.

Twende nayo polepole.

Kila kitu unadishi ni jua

Ile nguvu unatumia kukimbiza mat ya Keroka asubuhi ilianza kama mwanga wa jua. Mmea ndio hujua kuushika. Majani huchukua mwanga, maji na hewa ya kaboni, yanatengeneza sukari. Wewe huwezi hiyo kazi, na ng'ombe pia hawezi. Kaa juani Gusii Stadium kutoka asubuhi hadi jioni, utatoka hapo na njaa tu.

Na hata mmea wenyewe hushika kidogo sana. Kwa mashamba mengi ni kama asilimia 1 ya mwanga unaoangukia hapo, ama chini yake. Hiyo kidogo ndiyo bajeti ya wote: panzi, kuku, mwewe na wewe.

Kila mkono unakata chake

Imagine doo ya harambee inayopita kwa kamati nne kabla ifike kwa mwenye shida. Kila kamati inakata. Nguvu nayo hupita hivyo hivyo.

Ng'ombe akila nepia, sehemu kubwa ya ile nguvu huishia kupasha mwili joto, kutembea, kupumua na kusukuma damu. Nyingine inatoka kama samadi kwa sababu haikusagika. Inayobaki kama nyama ama maziwa ni kidogo. Kwa wastani, kama asilimia 10 tu ndiyo huvuka kutoka ngazi moja ya ulaji hadi inayofuata. Kuna mahali ni 5, kuna mahali ni 20, lakini wewe shika 10.

Msee aliyefungua watu macho kwa hii hesabu anaitwa Raymond Lindeman, Mmarekani. Alisoma ziwa dogo linaitwa Cedar Bog kule Minnesota, akipima nani anakula nani na nguvu ngapi inapita. Makala yake ilikataliwa mara ya kwanza, kisha ikachapishwa 1942. Alikuwa ameshafariki miezi michache mbele, akiwa na miaka 26 pekee. Leo hilo wazo lake ndilo hufundishwa kwa darasa la Biolojia.

Sasa angalia kijijini kwenu. Nyasi ziko kila mahali. Panzi ni wengi. Kuku wako kiasi. Mwewe anayezunguka huko juu akitafuta vifaranga? Mmoja, labda wawili. Hiyo si bahati. Ikifika kwake, nguvu imekatwa mara nyingi sana na haiwezi kulisha mbogi nzima ya mwewe. Ndiyo maana pia huoni mnyama anayeishi kwa kuwinda mwewe peke yake. Angekufa njaa.

Safari ya omena wa Daraja Mbili

Mfano mzuri zaidi uko sokoni. Mto Gucha unatoka milima yetu, unateremka ukielekea Migori, huko chini unaitwa Kuja, unaingia Ziwa Victoria. Unabeba udongo na mbolea ya mashamba ya huku. Ziwani, mwani mdogo sana usioonekana kwa macho hutumia hiyo mbolea pamoja na jua kukua. Vijidudu vya majini hula mwani. Omena hula vijidudu. Mbuta hula samaki wadogo, omena wakiwemo. Wewe unakula wote wawili.

Piga hesabu. Mwani ukiwa na nguvu 10,000, vijidudu watabaki na 1,000, omena 100, mbuta 10. Kwa hivyo kama unakula mbuta, unakula 10. Kama umekula omena moja kwa moja, umekula 100. Jua ni lile lile, ziwa ni lile lile, lakini sahani imeongezeka mara kumi kwa kuruka kamati moja tu.

Halafu sasa, sehemu kubwa ya omena wa hilo ziwa hata hawafiki kwa meza ya mtu. Wanasagwa kuwa chakula cha mifugo. Ukinunua gunia la chakula cha kuku lenye omena ndani, jua kuku wako amekalia kiti cha mbuta. Lazima akugharimu.

Na usichanganye mambo mawili hapa. Mbolea huzunguka: samadi inarudi shambani, majani yanaoza, minyoo na uyoga wanayavunja, mmea unatumia tena. Nguvu hairudi. Ikishatoka kama joto la mwili, imeenda. Ndiyo maana jua lazima litoke tena kesho.

Sasa turudi kwa kaploti

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la guka liligawanywa kwa wababa, la mzazi linagawanywa kwenu. Jua linaloangukia robo ekari haliongezeki hata ukiomba vipi. Kwa hivyo swali ni moja: ni nani atalikula, na kupitia mikono mingapi?

Kuku wa nyama hula kama kilo 2 za chakula kuongeza kilo 1 ya uzito. Inakaa poa, hadi ukumbuke kile chakula ni kikavu, na kuku sehemu kubwa ni maji, juu yake kuna manyoya na mifupa. Na ndani ya hicho chakula kuna mahindi, kitu wewe na shosh mngesonga ugali mkadishi.

Sheria ya kushika ni hii: mnyama anayekula kitu unaweza kula wewe, anashindana na wewe. Mnyama anayekula kitu huwezi kula, anakuongezea.

Ng'ombe wa zero-grazing anayepewa nepia, shina la mgomba na mabua ya mahindi hajakunyang'anya kitu. Hakuna mtu hudishi mabua. Anakata asilimia yake, lakini anakata kwa kitu ambacho kingeoza, anakupa maziwa, na samadi inarudi kwa migomba. Kuku wa kienyeji anayechakura mchwa, majani na mabaki ya jikoni pia ni hivyo. Ndiyo maana pia kuna wasee wanafuga funza wa BSF kwa taka za soko ili kulisha kuku. Icipe pale Kasarani wamefanya utafiti mwingi juu yao. Maganda ya ndizi yanageuka funza, funza wanageuka yai.

Na chai? Nyamira imejaa chai, kutoka Sanganyi hadi Tombe. Yale majani yanashika jua siku nzima, lakini kikombe cha chai ya rangi bila sukari kina nguvu ya chakula karibu sufuri. Utamu na shibe vinatoka kwa maziwa na sukari. Mkulima wa majani chai anageuza jua lake kuwa doo, kisha anaenda sokoni na hiyo doo kununua jua la mtu mwingine likiwa mahindi. Si vibaya, bora bonasi iwe poa. Bonasi ikianguka, hawezi kuchemsha majani chai aite sapa.

Kwa hivyo usitupe ile plan ya kuku. Anza na wachache. Hesabu mabaki ya kwenu yanaweza kulisha wangapi, panda sukuma, chinsaga na managu ya kudishi moja kwa moja, kisha uongeze polepole.

Na kabla ulipie kifaranga cha kwanza, jiulize: hawa watakula jua la nani? Likiwa la kaploti kenu, lilikuja bure. Likiwa la shamba la mahindi la mtu mwingine ama la ziwa, utalilipia gunia baada ya gunia, hadi siku ya kuuza.