Kompyuta Ikinyamaza, Msimlaumu Katibu

Kikundi kimoja hapa Ramisi kilimchagua katibu asiyeona. Kumbukumbu za mikutano huziandika mwenyewe, kwa kompyuta inayomsomea maandishi kwa sauti. Siku moja mashine ikanyamaza jii. Minong'ono ikaanza: "Si tulisema? Tutafute mwingine." Kumbe kasoro ilikuwa ndogo tu.

Programu yenyewe yaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye pia haoni. Ni ya bure, na hutumika kwenye kompyuta za Windows. Ukishaipata kwenye flashi, kuiweka hakuhitaji intaneti.

Sasa, sauti ikipotea, mwenye macho akae kando ya katibu, wafuate hatua hizi:

1. Chomoa visikizi. Angalia kama sauti ya kompyuta imezimwa au imeshushwa mno.

2. Pengine programu haijawashwa. Bonyeza Ctrl, Alt na N kwa pamoja.

3. Bado kimya? Shika Insert, bonyeza S. Vitufe hivi huzima na kuwasha usemaji, na mtu huvigusa bila kujua. Rudia polepole mpaka usikie maneno.

4. Haijasema? Bonyeza Insert, Ctrl na S. Orodha itatokea. Chagua eSpeak NG, kisha Enter. Hiyo ndiyo "koo" ya kutolea sauti, na huja pamoja na programu.

5. Yasema, lakini Kiswahili chake ni cha mzungu? Inasoma kwa kanuni za Kiingereza. Bonyeza Insert, Ctrl na V. Kwenye orodha ya sauti chagua Swahili, punguza na mwendo, kisha Enter.

Mwisho, fungua Notepad, andika "Ramisi", halafu bonyeza Insert na mshale wa juu. Ikilitamka sawasawa, kazi imekwisha. Bonyeza Insert, Ctrl na C ili mipango ihifadhiwe.

Mbona tunahangaikia jambo hili? Asiyeona akisomewa na mtu, hujua yale tu msomaji aliyotaka ayajue. Akijisomea mwenyewe, hata hesabu za kikundi huwa wazi kwake kama kwa wengine.

Ya kujadili: Katika kikundi chenu, nani amenyimwa kazi kwa sababu ya kasoro ambayo si yake? Mtafanya nini mwezi huu?