Mwenye Phoenix wa Michungwani

Ukishauvuka Mto Wami kwa baiskeli, jua likiwa utosini, ndipo unapoanza kumjua mwenzio wa safari. Kabla ya hapo, kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, tulikuwa watu kumi na wanne wenye fulana za rangi moja na basi. Tulikuwa tukichangisha fedha za madawati ya shule moja ya msingi mkoani Tanga: kilomita zipatazo 350, siku tatu. Tulisalimiana kwa adabu, kila mtu na chupa yake ya maji.

Vilima vya baada ya Wami vikatuchanganya. Anayetangulia hukata upepo, anayemfuata hupumzika, kwa hiyo watu hupokezana, na zamu haijui cheo. Aliyekaa mbele kuliko sote alikuwa mwalimu mstaafu, mzee ambaye asubuhi tulimshauri apande gari la mizigo. Nesi kutoka Temeke ndiye aliyeanza kumgawia maji yake. Kufika Mkata, chupa zilikuwa za watu wote.

Usiku mwalimu alitusimulia habari za 1967, alipokuwa mtoto wa shule. Vijana walitembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha, na mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Siku hizi msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kwa baiskeli kwenda alikozikwa, ukipanda miti na kusaidia shule njiani. Mzee alitaka tujue kwamba kusafiri kwa jasho kwa ajili ya wengine hakukuletwa nchini na wadhamini wenye mabango.

Siku ya pili, tumeipita Kabuku na kukaribia Michungwani, tairi langu la nyuma likapasuka. Gari letu lilikuwa limetangulia kutafuta chakula. Akatokea babu mmoja juu ya Phoenix nyeusi, matenga mawili matupu kwenye keria, anarudi kuuza machungwa.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba wanangu. Mbona mmesimama juani?”

Hakungoja jibu. Aliipindua baiskeli yangu miguu juu, akatoa mfukoni solusheni na kipande cha mpira, akaziba pancha. Tairi lenyewe lilikuwa limechanika ubavuni. Akalitia kiraka kwa ndani, kilichokatwa kutoka tairi kuukuu. Nilipotaka kumlipa alikunja uso. Akauliza fulana zetu zinasema nini. Tulipomweleza habari za madawati, alifungua fundo la kitambaa, akahesabu shilingi elfu mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kisha akapanda, tukaenda naye. Baiskeli yake haina gia, lakini kilima kabla ya Segera alikipanda ameketi, anazungumza, sisi tukihema. Alitueleza wapi malori hujaa barabara yote na wapi pana mwembe wa kupumzikia. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Sisi tulikuwa na gari la kutulinda nyuma, taa zikiwaka, kwa siku tatu tu. Yeye huipita barabara hiyohiyo mwaka mzima, na mabasi humpigia honi ashuke kwenye kokoto, kana kwamba lami ilimwagwa kwa ajili ya wenye injini peke yao. Mkoa wa Tanga umejaa watu wa namna hii: wabeba nazi, wauza samaki, watoto wa shule wanaopakizana. Hao ndio waendesha baiskeli wa masafa marefu, na sijaona msafara wa hisani uliowaalika kama wenzao. Wao huambiwa wapishe.

Segera tulikunja kulia. Alitusindikiza hadi darajani Hale, juu ya maji ya Pangani, akasema nyumbani kwake kumekaribia. Nesi akatoa daftari la michango amwandike jina.

“La nini jina? Andika mwenye Phoenix.”

Kesho yake, Muheza na Pongwe zikiwa nyuma yetu, tuliingia Tanga mjini na kulikabidhi daftari kwa mwalimu mkuu. Alisoma majina yote kwa sauti mbele ya watoto, yetu na ya kampuni zilizotuchangia. Alipofika kwenye mstari ule alisita, akatutazama, halafu akausoma kama ulivyoandikwa. Mwalimu wetu mstaafu akavua kofia.