Mashine ya Figo Inapopiga Kelele



Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kabisa kufanya kazi husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Huko Marekani na Uingereza, tangu miaka ya 1960, wako wanaofanya kazi hiyo nyumbani, wakisaidiwa na mke au mume aliyefundishwa. Kwetu ni vigumu: kila safari moja ya kusafishwa hutumia kama lita 120 za maji yaliyochujwa kwa namna ya pekee, tena hudai umeme wa uhakika. Basi familia ya Kawajense humpeleka mgonjwa wake hospitali kubwa, kama Bugando kule Mwanza. Pale ndugu anaporuhusiwa kukaa kando ya kitanda, ghafla husikia mashine inalia na taa nyekundu inawaka. Afanye nini?

Kwanza ajue kwamba mashine inapolia, mara nyingi imekwisha kumkinga mgonjwa. Damu hutoka mkononi kwa sindano moja, hupita kwenye chujio, kisha hurudi kwa sindano ya pili. Mpira ukijikunja au mgonjwa akikunja mkono, damu haipiti vizuri na pampu husimama. Huo ndio mlio wa kawaida kuliko yote, na mara nyingi kunyoosha mkono kunatosha. Lakini mkono ukivimba au kuuma penye sindano, huenda mshipa umetoboka na damu inaingia kwenye nyama. Muuguzi aambiwe mara moja.

Mlio wa hewa ni mzito zaidi. Mashine ikiona mapovu kwenye mpira, huubana mpira wenyewe ili hewa isifike moyoni. Hapo asiguse mtu ila muuguzi. Mlio mwingine husema maji ya kusafishia yana chumvi isiyo sawa au yamepata joto. Mashine huyamwaga pembeni yasifike kwenye chujio. Mgonjwa hadhuriki, ila kwa muda huo hasafishwi. Na umeme ukikatika, mashine nyingi zina betri ya dakika chache. Isipokuwapo, muuguzi huzungusha pampu kwa mkono ili damu irudi mwilini.

Wako ndugu wenye huruma wanaobonyeza kitufe cha kunyamazisha ili mgonjwa apate usingizi. Msifanye hivyo. Kitufe kile huzima sauti tu, tatizo hubaki. Damu iliyosimama kwenye mipira huganda, na hapo mgonjwa, ambaye tayari ana upungufu wa damu, hupoteza karibu robo lita.

Hatari ninayotaka kuikazia ni ile ambayo huenda mashine isiilie kabisa. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka, mashine inaweza isitambue, ikaendelea kusukuma damu kitandani. Kwa mwendo wa mililita 300 kwa dakika, lita 1 humwagika katika dakika tatu na ushei. Kwa hiyo mkono wenye sindano usifunikwe kamwe kwa kitenge wala blanketi, hata kama mgonjwa anasikia baridi. Mfunike miguu na kifua, mkono uonekane. Tazama plasta kila mara, hasa mgonjwa akisinzia. Ukiona unyevu au damu, piga kelele kuliko mashine!

Mkiisha kurudi nyumbani hakuna mashine ya kulia, ila mkono wenyewe hutoa ishara. Mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano hutetemeka ukiugusa, kama paka anayekoroma. Mgonjwa aupapase kila asubuhi. Ukinyamaza, asingoje siku ya zamu yake. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Na tundu la sindano likianza kutoa damu tena, ligandamize kwa kidole na kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia, wala usifunge mkono kwa kamba. Damu isipokoma, endelea kugandamiza hivyo hivyo njiani mkienda hospitali.