Fahamu: Kiungo kifupi kinavyobeba mahali kwenye ramani

Februari 2008, Mbrazili Gustavo Niemeyer alizindua geohash.org, tovuti iliyogeuza latitudo na longitudo kuwa msimbo mfupi wa kutumiana kama kiungo.

Dunia hugawanywa vipande 32, kila kipande 32 tena, na kila mgawanyo huongeza herufi au tarakimu moja. Alama tisa hufikia takriban mita tano kwa tano. Ukikata za mwisho, eneo hupanuka tu: njia nzuri ya kumwelekeza mtu mtaani bila kufichua mlango wako.

Kasoro hujitokeza ikweta. Nanyuki, Kenya, ukivuka mstari huo msimbo hubadilika tangu herufi ya kwanza: kaskazini s, kusini k. Programu inayotafuta vilivyo karibu kwa kulinganisha mwanzo wa misimbo pekee italikosa duka la dawa lililo ng'ambo ya mstari. Lazima ikague na vipande jirani.