Muhogo usioandaliwa vyema waweza kulemaza miguu

Chakula kinapomdhuru mtu, kitu cha kwanza kutazamwa huwa ni tumbo. Hata hivyo, yapo madhara yasiyoishia humo. Gluteni, protini iliyomo katika ngano, huwaletea baadhi ya watu maradhi yanayojitokeza kama upungufu wa damu, vipele au kuyumba wakati wa kutembea, tumbo likiwa limetulia. Lakini kule Adu, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, ambako sima ndiyo chakula cha kila siku, mfano ulio karibu zaidi na sahani ya mkulima ni wa muhogo.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali iitwayo linamarini. Unapokatwa au kusagwa, kemikali hiyo huvunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Kuuvundika, kuuloweka na kuukausha kwa siku kadhaa huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kiasi kidogo kinachosalia hugeuzwa na mwili na kutoka kwa mkojo, mradi mlaji apate protini zenye salfa, kama zilizomo katika samaki, mayai na nyama. Asiyezipata, naye akala muhogo ulioandaliwa kwa pupa wiki baada ya wiki, huwa hatarini.

Maradhi yanayomkabili huitwa konzo, jina la lugha ya Kiyaka ya nchini Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliyaandika mwaka 1938. Huzuka ghafla: miguu yote miwili hukakamaa, na mgonjwa akiweza kutembea, hutembelea ncha za vidole. Hayazidi baada ya hapo, lakini hayana tiba. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walilemazwa mwaka 1981. Tarime, nchini Tanzania, ikafuatia mwaka 1985, kisha Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisa kilikuwa kilekile. Njaa huwalazimisha watu kufupisha siku za kuandaa muhogo, ilhali ukame wenyewe huongeza sumu shambani. Kilifi nayo iliguswa na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023.

Haya si ya kumfanya mkulima wa Adu ang'oe muhogo wake; ni mazao machache yanayostahimili jua kama huo. Aidha, Kibandameno, aina inayopendwa sana Pwani, ni tamu. Ila utamu haupaswi kutegemewa peke yake, hasa mvua inapokosekana.

Kwa unga uliokwisha kusagwa, Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia isiyohitaji gharama. Unga hulowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1, kisha ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi ipae hewani. Katika kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, wanawake walipofundishwa njia hiyo, wagonjwa wapya hawakupatikana tena. Unga huo hupikwa siku hiyohiyo, kwani ukiwa umelowa hauwekeki.