Sifa, kipaji na ulevi: juu ya nini waimbaji wengi wanakufa wangali vijana?

Kila mara redio inapotangaza kifo cha mwimbaji mashuhuri aliyekufa angali kijana, vijana wa Bunia wanatuuliza maswali yaleyale. Wanatuuliza njiani kwenda Mudzipela, wanatuuliza baada ya mazoezi ya kwaya huko Nyakasanza. Wengine wanasema: «Ni uchawi.» Wengine: «Aliuza roho yake apate sifa.» Na wengine, nao ndio wanaotutia hofu zaidi, wanasema: «Pasipo bangi na pombe asingaliweza kuimba vile.»

Mkatekista anayejibu tu, «Ni azabu ya Mungu», hajajibu kitu. Kijana atarudi kwa rafiki zake na kushika jibu lao. Basi, ndugu wapenzi, inafaa tulitazame jambo hili polepole, tupate kujibu kwa kweli.

I. Mambo yalivyo

Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika ya Kusini, alijulikana katika Afrika nzima tangia miaka ya 1980. Mwaka wa 2004, tarehe 26 mwezi wa ine, moyo wake ulisimama, akapoteza fahamu asizinduke tena. Nelson Mandela na Rais Thabo Mbeki walikwenda kumtazama hospitalini. Akafa tarehe 9 mwezi wa tano, mwenye umri wa miaka 39. Kwanza watu waliambiwa ni ugonjwa wa pumu. Wanganga walipopima maiti ikajulikana ni kokaini. Mara nyingi alikuwa ameingia katika nyumba za matibabu, akitoka na kurudi.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, mwaka wa 2013, waimbaji wawili walikufa katika siku chache: Albert Mangweha, miaka 30, aliyefia Johannesburg tarehe 28 mwezi wa tano, na Langa Kileo, aliyekufa tarehe 13 mwezi wa sita, angali hajatimiza miaka 30. Juu ya wa kwanza magazeti yalisema mengi, nasi hatutaongeza. Juu ya wa pili tunajua jambo moja la kumheshimu: alisema mwenyewe waziwazi kwamba dawa za kulevya zilikuwa zimemshika, akawaonya vijana wasimfuate.

Je, ni kweli kwamba wenye sifa wanakufa mbele ya wengine? Mwaka wa 2007 wataalamu wa Uingereza walitangaza hesabu ya waimbaji zaidi ya 1000 wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Waliona kwamba katika miaka iliyofuata kupata sifa, vifo vyao vilipita vya watu wengine wa umri wao mara 1,7. Lakini hadisi isemayo kwamba miaka 27 ni umri wa laana, hiyo si kweli. Wataalamu wengine walihesabu mwaka wa 2011, wasione kitu cha pekee katika umri huo. Waliona tu kwamba hatari ni kubwa katika miaka yote ya ujana wao. Hapana uchawi wa namba. Kuna sababu, na sababu zinaweza kuelezwa.

II. Sifa inamfanyia mtu nini?

Ya kwanza, kazi ya mwimbaji ni kazi ya usiku, na pahali pa kazi ni pahali pa pombe. Fundi seremala hapewi chupa kila anapopiga randa. Mpiga gitaa anapewa kila anapomaliza wimbo.

Ya pili, feza zinakuja kwa gafula, na pamoja nazo wanakuja marafiki. Hapa kwetu Congo tunajua desturi ya libanga: mwimbaji anataja jina la tajiri katika wimbo, na tajiri anatoa feza. Mtu anayeishi kwa kusifu na kusifiwa hapati kwa urahisi mtu wa kumwambia kweli. Wote wanaomzunguka wanakula kwa mkono wake. Nani atamnyang’anya bilauri?

Ya tatu, baada ya kelele za watu elfu anarudi peke yake chumbani. Mwili ungali unawaka, usingizi hauji. Hapo anatafuta kitu cha kumlaza, na asubuhi kitu kingine cha kumwamsha.

Ya ine, wengi waliingia katika sifa wakiwa na kidonda tangia utoto. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya waimbaji waliokufa, wale walioteswa au kukosa malezi mema utotoni ndio hasa waliouawa na pombe, dawa na mambo mengine ya hatari. Sifa haikuponya kidonda, ilikifunika tu.

III. Ginsi ulevi unavyomfunga mtu

Pombe, bangi, vidonge vya tramadoli, heroini, kokaini: kila kimoja kina njia yake, lakini vyote vinagusa pahali pamoja katika ubongo, pale panapotuambia: «Kitu hiki ni chema, ukirudie.» Chakula na urafiki vinapagusa kidogo, dawa inapapiga kwa nguvu. Ubongo unajizoeza. Kipimo cha jana hakitoshi leo, na mtu anaongeza. Akiacha, mwili unatetemeka, jasho linamtoka, hapati usingizi. Tangia siku ile hanywi tena kwa furaha, anakunywa asiugue.

Kuna hatari ingine ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyeacha kwa majuma kadhaa, mwili wake unasahau mazoea yake. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumwua. Hatari hii ni kubwa hasa kwa heroini. Na Amy Winehouse, mwimbaji Mwingereza aliyekufa London tarehe 23 mwezi wa saba 2011 kwa sumu ya pombe, mwenye miaka 27, alikuwa ameacha kunywa kwa siku kadhaa kabla ya kurudia. Basi mtu aliyetoka kuacha asiachwe peke yake. Ndiyo saa anayotuhitaji zaidi.

Na lotoko yetu? Ni kali kupita bia mara nyingi, na isipotengenezwa vizuri inaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua.

IV. Je, kipaji kinatoka katika chupa?

Hili ndilo swali kubwa la vijana wetu. Tuwape jibu kwa mifano.

Charlie Parker, mpiga saksofoni wa Marekani, alitumia heroini tangia ujana wake. Vijana wengi waliomsikia walifikiri: tukitumia dawa yake tutapiga sawa naye. Walipata ugonjwa wake, hawakupata kipaji chake. Naye alikufa mwaka wa 1955, umri miaka 34; munganga aliyetazama maiti alizani ni mtu aliyepita miaka 50.

John Coltrane naye alifungwa na heroini ileile. Mwaka wa 1957 Miles Davis alimfukuza katika orkestra yake. Mwaka huohuo akaacha dawa. Kazi zake kubwa zilikuja baada ya kuacha, na mwaka wa 1964 alipotengeneza sahani yake mashuhuri kupita zote, aliandika juu ya jalada lake kwamba mwaka wa 1957 Mungu alimwamsha kwa neema yake.

Basi kipaji kilikuwapo mbele ya chupa. Kinatoka kwa Mungu, kinakua kwa mazoezi. Chupa inaondoa haya, ndiyo. Lakini inaondoa pia sikio, kumbukumbu na mkono.

V. Na sisi?

Katekisimu ya Kanisa Katolika (2290 na 2291) inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo haja ya matibabu ni kosa kubwa. Lakini katekisimu hiyohiyo (1735) inafundisha pia kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya roho vinaweza kupunguza hatia ya mtu. Padri asisahau mojawapo ya mafundisho haya mawili.

Tumkumbuke Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, munganga wa China. Alitumia afyuni kwa kutuliza maumivu ya tumbo, ikamfunga miaka 30. Muungamishi wake alizani hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima sakramenti. Marko hakuacha kusali, wala hakuliacha Kanisa. Mwaka wa 1900 aliuawa kwa ajili ya imani, naye aliomba auawe wa mwisho, mtu yeyote wa jamaa yake asife peke yake. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka wa 2000. Wakati wake watu wengi hawakujua kwamba ulevi ni ugonjwa pia. Sisi tunajua, wala hatuna uzuru.

Tena matibabu yako. Katika Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka wa 2011 kutoa metadoni kwa waliofungwa na heroini. Mwimbaji Rehema Chalamila, anayeitwa Ray C, alikubali mbele ya watu wote kwamba alifungwa, akatibiwa. Ushuhuda wake ulisaidia vijana kuliko mahubiri mengi.

Kwa kumaliza, tuseme mambo matatu ya kutenda. Moja: kijana akituuliza juu ya mwimbaji aliyekufa, tusitangaze uvumi wala tusimhukumu maiti, tueleze sababu. Mbili: anayetaka kuacha tumpeleke kwa munganga, kisha tumtembelee kila juma. Tatu, na hili linatuhusu wenyewe: kwenye sikukuu za parokia zetu mara nyingi tumewalipa wapiga gitaa na wapiga ngoma kwa bia, tukisema hatuna feza. Wengine kati yao walikuwa na miaka 16. Hatukumfundisha kijana wa kwaya kwamba kipaji chake ni cha Mungu, kama malipo yake yalikuwa chupa. Tuwalipe chakula, nyuzi za gitaa, feza kidogo tulizo nazo. Na tuanze katika sikukuu inayokuja.