Ethiopia na Kitabu cha Shamba

Ethiopia ni jirani yetu wa kaskazini, sisi wa Kenya. Eneo lake linazidi kilomita za mraba milioni 1.1, watu wake wamepita milioni 120, na tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993 haina bahari. Mji mkuu ni Addis Ababa, sarafu ni birr, chakula ni injera, mkate wa nafaka ya tefu. Kahawa ndiyo zao kuu liuzwalo nje.

Mwaka 1974 wanajeshi wa Derg walimpindua Mfalme Haile Selassie, na chini ya utawala wao benki na viwanda vikataifishwa. Mei 1991 kiongozi wao, Mengistu Haile Mariam, alikimbilia Zimbabwe. Waliomrithi waliruhusu benki za watu binafsi, na mwaka 2022 hata Safaricom ikaanza kuuza laini huko. Takwimu za uchumi ni nyingi, lakini kilichoniteka mimi ni ardhi.

Mwaka 1975 Derg ilitaifisha ardhi yote ya mashambani, hata ya mabwanyenye. Mkulima akaruhusiwa kulima isiyozidi hekta 10. Ukomunisti wa Derg ulianguka, ardhi ikabaki mikononi mwa dola: Katiba ya 1995 inasema ni ya dola na wananchi, haiuzwi. Lakini kuanzia jimbo la Tigray mwaka 1998, wakulima walianza kupewa hati za haki ya kutumia mashamba yao. Katika jimbo la Amhara, karibu na Ziwa Tana, nilionyeshwa kitabu kimoja cha hati hizo. Ndani mlikuwa na picha mbili, ya mume na ya mke, na majina yao wote wawili. Mume akifa, mjane ana ushahidi mkononi.

Mfumo huo una dosari. Dola yenye ardhi yaweza kuitwaa, na kati ya 2014 na 2016 Waoromo waliandamana wakihofia kwamba mpango wa kupanua Addis Ababa ungemeza mashamba yao.

Hata hivyo, sisi wa Burnt Forest, tuliozika watu waliouawa kwa sababu ya ardhi mwaka 1992 na 2008, tuna la kujifunza. Hatimiliki zetu nyingi zina jina la mwanamume peke yake, nyingine la babu aliyekwisha kufa. Mama anayepanda viazi na kukama ng'ombe alfajiri hatajwi popote, na siku ya matanga ndipo shemeji huanza kupima mipaka. Sheria ya Kenya inaruhusu mume na mke kuandikishwa pamoja. Tunaokataa ni sisi. Mwenye shamba, fuatana na mkeo hadi ofisi ya ardhi Eldoret, muandikishe majina yenu wawili mngali hai.